Umepata gono? Pima na ngoma, tena siku hiyohiyo

Kuna meseji naipata inbox mara nyingi mpaka nimeikariri, yanabadilika majina tu. "Dokta samahani kwa usumbufu, kuna mtu nilitoka naye wiki mbili zilizopita, nikaanza kusikia mkojo unachoma na usaha unatoka, nikaenda duka la dawa wakanichoma sindano na vidonge wakanipa, sasa hivi niko poa kabisa. Swali langu, kuna haja ya kupima kweli?" Alafu chini kabisa anamalizia, "maana mi naogopa sana ngoma dokta."

Jibu ni ndiyo, kuna haja ya kupima hiyo ngoma, yani VVU, tena kubwa kuliko unavyodhani. Leo naandika kirefu ili siku nyingine nikiulizwa niwe nabandika linki tu, vidole vimechoka.

Kwa mgeni humu, mi ni tabibu, nipo kituo cha afya huku Mwanza, na chumba changu ndo kile ambacho mgonjwa akifika mapokezi akaanza kuongea kwa sauti ya chini wanamwelekeza huko kabla hajamaliza sentensi. Nawaona wavuvi, bodaboda, wachimbaji wanaotoka Geita, wiki hii wana hela wiki ijayo wana usaha, nawaona wanafunzi wa vyuo, wamama wa sokoni, na waume za watu wenye suruali zilizopigwa pasi ambao mapokezi wameandikisha "maumivu ya mgongo". Mi sina shida na mtu yeyote na sina haja ya kujua nani alianza kumchepukia nani. Nataka vitu viwili, mtu atoke na dawa sahihi, na atoke anajua hali yake ya VVU. Hicho cha kwanza wanakitaka hata kabla hawajakaa kwenye kiti. Cha pili ndo vita.

Tuanze na hesabu ndogo isiyohitaji udaktari. Gono haiji kwa upepo wala kwa kukalia choo cha stendi (naomba hili la choo tulizike leo). Ukiipata maana yake kuna siku mlikutana bila kondomu, au kondomu ilipasuka, au ilivaliwa mambo yakiwa yameshaanza, na njia iliyopita gono ndo njia ileile inayopita VVU. Na aliyekupa gono naye aliipata kwa mtu, na huyo mtu naye ana watu wake. Kwahiyo hata kabla hatujagusa mambo ya maabara, mtu mwenye ugonjwa wa zinaa tayari ameshatuonyesha kwamba yupo kwenye mtandao ambao vitu vinasafiri.

Sasa la pili ndo wengi hawalijui. Ukiwa na ugonjwa wa zinaa mwili wako wenyewe unarahisisha kazi ya kirusi. Kidonda cha kaswende, au cha pangusa, au yale malengelenge yanayoletwa na hepesi, ngozi inakuwa imepasuka na damu iko pale karibu kabisa, hiyo inaeleweka bila kuchorewa picha. Kisonono (ndo gono yenyewe) na klamidia hazileti kidonda lakini zinawasha uvimbe ndani ya njia ya mkojo au kwenye mlango wa kizazi, na penye uvimbe mwili unatuma seli za kinga kwa wingi zikiwemo CD4, na CD4 ndo seli hasa ambazo VVU inazitafuta ili iingie. Yani ni kama umeita polisi waje kutuliza vurugu halafu mwizi anayefuata kazi yake ni kuiba polisi.

Na upande wa pili wa kitanda hali ni hiyohiyo. Kule Lilongwe, Malawi, watafiti waliwapima wanaume wenye VVU, baadhi yao wana usaha kwenye njia ya mkojo na wengine hawana, wakakuta wale wenye usaha virusi vilivyopo kwenye shahawa zao ni karibu mara nane ya wenzao. Wakawatibu ule usaha kwa antibayotiki za kawaida tu, hakuna ARV (dawa za VVU) hapo, na ndani ya wiki mbili virusi kwenye shahawa vikashuka. Hiyo ilichapishwa 1997 na mimi nikiwafundisha wanafunzi wa field huwa naanza nayo, maana inaonyesha wazi kwamba gono kwa mtu mwenye VVU asiyetumia dawa inamfanya aambukize kirahisi zaidi, na gono kwa asiye na VVU inamfanya apokee kirahisi zaidi, wakikutana hao wawili unaelewa.

Nimesema asiyetumia dawa na nimesema makusudi. Anayemeza ARV vizuri mpaka virusi havionekani kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake kwa ngono, hilo lilishafungwa zamani, na kwenye tafiti za wapenzi kule Ulaya hata wengine walipougua magonjwa ya zinaa katikati hakuna aliyeambukizwa na mwenzi wake aliyekuwa kwenye dawa vizuri. Kwahiyo acheni kumwogopa jirani mnayemwona anatoka CTC, kliniki ya wenye VVU. Anayesumbua ni asiyejijua. Utafiti wa kitaifa wa 2022-2023 ulionyesha maambukizi kwa watu wazima hapa Tanzania ni asilimia 4.4, na katika wenye VVU asilimia 82.7 ndo waliokuwa wanajua hali zao. Maana yake katika kila 100 kuna kama 17 wanaotembea nao bila habari, na wakishajua wengi mno wanaanza dawa na dawa zinawashika vizuri, kwahiyo tatizo limebaki pale mwanzoni, kuwapata. Nawapataje? Siwezi kusimama stendi ya Nyegezi na spika. Lakini wengine wananifuata wenyewe ofisini, wamefunga zipu kwa uangalifu, wanasema wana UTI.

Eh, hii UTI. Tanzania kila kitu ni UTI siku hizi. Mkojo ukichoma UTI, mgongo ukiuma UTI, mtoto akilia usiku UTI. Sasa sikia kaka yangu, wewe una miaka 24, usaha wa njano unatoka kwenye uume mpaka boksa inachafuka, siku tano baada ya wikendi unayoijua mwenyewe, hiyo sio UTI. Unapokubaliana na muuza duka kwamba ni UTI mnakuwa mmefichiana aibu wote wawili, wewe hukutaka kusema na yeye hakutaka kuuliza, anakupa sipro, antibayotiki ambayo kwa kisonono cha leo imechoka kabisa, vijidudu vimeshaizoea, au anakuchoma sindano ambayo hata kisheria duka halitakiwi kuchoma, nusu dozi maana hela imeishia hapo, usaha unapungua, unasema Mungu mkubwa. Hajakupima kaswende, hajakupima VVU, hajamgusa mwenzi wako. Baada ya wiki tatu umerudi palepale, unaambiwa "UTI sugu".

Siwachukii wenye maduka, wengi ni watu wazuri na usiku wa manane wao ndo wako wazi sio mimi. Ila kama unasoma hii na unauza dawa, mteja wa usaha akija hata kama umemhudumia mwambie sentensi moja tu, nenda ukapime na damu. Wengine wanaweza wakamuuzia na kile kipimo cha kujipima mwenyewe, sheria ilibadilishwa mwaka 2019 ikaruhusu kujipima, na ikashusha umri wa kupima bila ruhusa ya mzazi mpaka miaka 15. Kikitoka na mistari miwili sio jibu la mwisho, unakuja kituoni tunathibitisha.

Sasa nirudi nyuma kidogo maana historia ya hili jambo ni ya huku kwetu Afrika Mashariki na naona vijana hawaijui.

Mwishoni mwa miaka ya 80 pale Nairobi kwenye kliniki ya magonjwa ya zinaa, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi wakishirikiana na wenzao wa Manitoba, Kanada, walichukua wanaume waliokuja kutibiwa baada ya kutoka na wanawake wanaouza mwili. Ambao hawakuwa na VVU siku ile na wakafuatiliwa walikuwa 293. Kwenye ufuatiliaji wa muda mfupi tu 24 wakageuka wakawa nao. Fikiria, hawa walikuja wakiwa hawana, wamepimwa wamekutwa hawana, wametibiwa, na wengine wao maambukizi yalikuwa tayari yameshaingia mwilini siku ileile wanachomwa sindano ya gono, kipimo tu ndo kilikuwa hakijaona. Waliokuwa hatarini zaidi ni wenye vidonda na wasiotahiriwa. Hapo kwenye tohara Wasukuma wenzangu mnajua tulipotoka, babu zetu hawakuwa na hiyo mila, na wala haikuwa shida ya mtu, mpaka tafiti za Orange Farm kule Afrika Kusini, Kisumu na Rakai zilipoonyesha kati ya 2005 na 2007 kwamba tohara inampunguzia mwanaume hatari ya kupata VVU kwa zaidi ya nusu, ndo mkaona mahema ya tohara ya hiari kila kona ya kanda ya ziwa. Inapunguza lakini. Kuna watu walitoka kwenye hema wakajiona wamechanjwa.

Alafu ikaja yetu. Hapa naomba niringe kidogo. Kati ya 1991 na 1994 NIMR (taasisi yetu ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu) na shirika la afya la AMREF pamoja na wale wa chuo cha afya na magonjwa ya tropiki cha London walifanya utafiti vijijini mkoa wa Mwanza, jamii 12, nyingine za ziwani, nyingine za barabarani, nyingine visiwani. Sita wakaboreshewa huduma ya magonjwa ya zinaa, sita wakasubiri zamu yao mwishoni. Na huko kuboresha hakukuwa na maajabu yoyote, hakuna dawa mpya, hakuna mashine. Waliwafundisha wahudumu wa zahanati na vituo vya afya kutibu kwa kufuata dalili, yani ukiona usaha unatibu kisonono na klamidia kwa pamoja bila kusubiri maabara ambayo haipo, ukiona kidonda unatibu kaswende na pangusa kwa pamoja. Wakahakikisha dawa hazikatiki. Wakawa wanapita kukagua kazi. Na wakazunguka vijijini kuwaambia watu ukiona dalili njoo mapema usikae nayo. Basi.

Baada ya miaka miwili wakahesabu maambukizi mapya ya VVU. Kwenye jamii zilizoboreshewa watu 48 kati ya 4149, kwenye zile nyingine 82 kati ya 4400. Asilimia 1.2 kwa 1.9. Ukichambua inakuja kupungua kwa karibu asilimia 40, na kwa maelezo ya watu wenyewe mambo ya kitandani hayakuwa yamebadilika, wapenzi ni walewale na kondomu ni zilezile chache, kilichobadilika ni kwamba ukiumwa unatibiwa vizuri. Majibu yakatoka 1995 na dunia nzima ikageuza shingo kuangalia zahanati za Mwanza. Mi nikisoma ile sehemu ya "dawa hazikatiki" huwa nacheka peke yangu, maana kuna wiki nina mgonjwa, nina mwongozo wa wizara ukutani, nina sirinji, seftriaksoni, ile dawa ya sindano ya gono, hakuna, namwandikia akanunue nje, na najua kabisa nje atanunua nini.

Lakini hadithi haikuishia kwenye sherehe, na wanaoitumia Mwanza kama silaha kwenye semina huwa wanaruka hapa. Jirani zetu wa Rakai, Uganda, wakajaribu kwa njia nyingine, wao wakasema tusisubiri mtu aumwe, tuwape watu wazima wote dawa majumbani kila baada ya miezi kumi, mwenye dalili na asiye na dalili. Majibu yakatoka 1999, VVU haikupungua. Masaka, hukohuko Uganda, nao wakajaribu kivyao, haikupungua. Ukasikia kelele, oh Mwanza walikosea, oh Rakai walikosea. Baadaye watu walipotulia wakaona hizi sehemu hazifanani. Mwanza wakati ule maambukizi yalikuwa kama asilimia 4, Rakai kama asilimia 16. Ugonjwa ukiwa umeshakomaa hivyo maambukizi mengi yanatokea ndani ya ndoa na mahusiano ya kudumu ambako wala hakuna gono, na vidonda vingi vinakuwa vya hepesi ambayo antibayotiki haiigusi. Na miezi kumi ni mingi jamani, umemeza dawa Januari, Machi umeshaipata upya, unasubiri gari la mradi Novemba. Hata kuituliza hepesi yenyewe kukaja kujaribiwa huku kwetu, wanawake wanaofanya kazi baa na gesti wakapewa asaiklova, dawa ya hepesi, kila siku, majibu ya 2008 yakasema VVU haikupungua.

Mi nimechukua nini hapo. Kwanza, kutibu magonjwa ya zinaa peke yake hakuzimi VVU, anayesema hivyo anadanganya. Pili, mahali kulikofanya kazi ni pale ambapo mtu mwenye dalili alipokelewa siku aliyokuja na akatibiwa sawasawa. Na siku hizi tuna vitu ambavyo 1991 hata kwenye ndoto havikuwepo, kipimo cha dakika 20, ARV za kuanza siku hiyohiyo, dawa za kujikinga. Kwahiyo yule mtu aliyeingia mlangoni na usaha, ambaye enzi zile alikuwa anapewa sindano na ushauri nasaha, leo naweza kumfanyia mambo mengi mno akiwa bado amekaa pale. Kumwachia aondoke na sindano tu ni dhambi, na bado inatokea kila siku, kwenye vituo vingi tu, kwa sababu za kijinga kabisa. Chumba cha kupimia kiko jengo jingine. Rejista ni nyingine. Mpimaji ameenda kunywa chai. Mgonjwa anaambiwa "ukitoka hapo pita kule chumba namba 9 wakupime", na kati ya mlango wangu na chumba namba 9 kuna geti la kutokea. Wanaume wanakata kona hapo kwa spidi ya daladala za Igoma.

Ndo maana mi nilihamishia vipimo mezani kwangu. Mgonjwa akiwa bado anaeleza dalili namtoboa kidole, damu hiyohiyo inaenda VVU na kaswende, tukimaliza kuongea kuhusu dawa na majibu yameshatoka. Simuulizi "ungependa kupima?" kwa ile sauti ya msiba. Namwambia kwa tatizo hili tunapima na hivi, ni kawaida kwa kila anayekuja nalo, una swali? Ana haki ya kukataa na wapo wanaokataa, siwalazimishi, ila nikisema hivyo wanaokataa ni wachache kuliko nilivyokuwa nategemea. Mzee mmoja alinijibu, "sasa mwanangu si ungeanza na hicho, mi nilivyoona unachelewachelewa nikajua nimeshakanyaga waya."

Sasa tuje kwenye jibu la hapana, maana hapa ndo watu wanapojichanganya. Umekuja na gono ya wikendi iliyopita, nimekupima VVU leo, haipo. Hilo jibu linaongelea maisha yako mpaka kama miezi mitatu iliyopita. Wikendi iliyopita halijui chochote. Vipimo vyetu vya kidole vinatafuta kinga ambayo mwili unatengeneza baada ya maambukizi na inachukua wiki kadhaa kufika kiwango cha kuonekana. Na kipindi hicho hicho ambacho kipimo hakioni ndo virusi vinakuwa vingi sana kwenye damu, yani una hapana mkononi, unajiamini, na unaambukiza kuliko utakavyowahi kuambukiza. Wengine wanapata homa, koo kuuma, vipele, tezi zimevimba, wanapima malaria, malaria haipo, wanapewa dawa ya malaria hivyohivyo. Kwahiyo nakupima leo, unarudi baada ya wiki nne hadi sita, unamaliza na mwezi wa tatu, na katikati hapo kondomu, hata kwa mke. Najua hiyo ya mke ni ngumu, nitafika.

Na kama bado uko ndani ya masaa 72 toka tukio, achana na kusoma blogu yangu, nenda kituoni ukaulizie PEP, ni vidonge vya siku 28 vya kuzuia VVU isishike baada ya tukio, na kila saa inayopita inavipunguzia nguvu. Wengi wanakuja na gono siku ya tano au ya saba, hapo PEP imeshapitwa. Lakini kama unaona kabisa maisha yako yataendelea kuwa hayohayo, mi sio mchungaji, tuongelee PrEP, dawa ya kujikinga na VVU kabla ya tukio, kidonge kimoja kwa siku kwa mtu ambaye hana VVU. Kuugua gono miezi ya karibuni ni moja ya sababu nzuri kabisa za kuanzishiwa. Na kuna sindano mpya, lenakapavia, mara mbili tu kwa mwaka, ilijaribiwa kwa wasichana na wanawake wa Uganda na Afrika Kusini, waliochomwa 2134, majibu ya 2024 hakuna hata mmoja aliyepata VVU. Sifuri. Nilisoma ile namba mara mbili nikidhani wamekosea kuchapa.

Hapohapo kuna watu wananiuliza kuhusu kumeza doksi (antibayotiki ya doksisaiklini) baada ya tendo ili kuzuia gono na kaswende, wameona Wamarekani wanafanya. Kwa wanaume wanaotoka na wanaume huko Marekani ilisaidia kweli. Ila Kisumu ilijaribiwa kwa wanawake 449 na haikuonyesha faida, na walipopima nywele kuangalia kama dawa imemezwa, ni chini ya theluthi ya sampuli zilizokutwa nayo. Sasa hapo huwezi kusema dawa imeshindwa wala imeweza, haikumezwa. Msinunue madoksi kwa debe.

Dada zangu hamjasahaulika, nimewaweka hapa makusudi maana kwenu mambo ni tofauti. Mwanaume gono inampigia kelele ndani ya siku chache, mwanamke anaweza kukaa na gono au klamidia miezi bila dalili yoyote, mwingine ana uchafu kidogo anaambiwa fangasi, ananunua vidonge vya kuweka ukeni, ananunua sabuni maalum ya Instagram, anajifukiza (jamani). Kwahiyo mfumo wetu wa kutibu kwa dalili kwa wanaume unafanya vizuri na kwa wanawake unavuja kama gunia. Mwanamke mara nyingi anaingia kwangu kwa mlango wa mimba, anapimwa VVU na kaswende kliniki, au kwa mlango wa mume aliyebanwa. Ukiambiwa na mwenzi wako kwamba ana usaha, hata kama wewe huna kitu, wewe ni mgonjwa wangu. Njoo utibiwe na upime.

Na jibu likija ndiyo? Toka mwishoni mwa 2016 Tanzania hatusubiri CD4 ishuke, ukikutwa nayo unaanzishiwa dawa, ikiwezekana leoleo, kidonge kimoja kwa siku. Nimewaanzishia watu dawa wakiwa bado na bomba la sindano ya gono mkononi mwangu. Wanalia, wengine wanakaa kimya, mmoja aliniuliza kama bado anaweza kwenda mpirani Jumapili. Akaenda. Wale waliokutwa mapema hivi kwa sababu tu gono iliwaleta, CD4 ziko juu, mwili haujachakaa, baada ya miezi michache virusi havionekani. Ukiwalinganisha na wale wanaoletwa kwa machela na TB ndo unaelewa kwanini naandika maneno mengi hivi kuhusu usaha.

Nimalizie na kaka wa juzi, hakunikataza kusimulia na simtaji hata wilaya. Ametibiwa gono, amepima VVU haipo, anatakiwa arudie, tumempa kadi ya kumwita mwenzi, ameirudisha mfukoni. Anaandika, "dokta, je naweza kusaga zile dawa nikaweka kwenye uji wa wife asijue?" Msicheke, hili swali naulizwa sana kuliko mnavyodhani. Jibu ni hapana kaka. Dawa muhimu hapo ni sindano, haikai kwenye uji. Anaweza kuwa na mimba, anaweza kuwa na aleji, na unaweza kumtibu gono ya leo ukamwachia kaswende na VVU ambavyo hujui kama anavyo. Na ukimtibu wewe bila yeye, mkikutana mkarudishiana utaanza kumshuku yeye, nimeona ndoa zinavunjika hivyo. Ile kadi haijaandikwa gono popote, ina namba tu na jina la kituo. Kama huwezi kuongea mlete, tunawaingiza pamoja au mmojammoja, tunapima wote kama wagonjwa wapya, na sijui nani alikuwa wa kwanza wala sitauliza. Tunafungua saa moja na nusu asubuhi. Jumatano huwa hakuna foleni.